Nani Anaweza Kumtoa Mtemi?

Mlioko Majita mkisubiri boti ziingie, mlioko Mugango mkianua dagaa kabla umande haujashuka, nanyi wa Kiabakari na Butiama mliokwisha kuketi baada ya shamba, karibuni tuzungumze.

Jioni ya leo ninalo swali la mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa huku huku Mugango. Ameuliza hivi: kama Mwalimu Nyerere alikuwa mtoto wa mtemi, kwa nini wazee wa Kizanaki husema kwamba zamani hawakuwa na watemi? Nani kati yao anasema kweli?

Mwanangu, wote wanasema kweli. Lakini ili uone inavyowezekana, inabidi tuache kuuliza mtemi ni nani, tuulize jambo jingine: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumweka, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumtoa. Mimi naamini hapo ndipo siasa yote ya wakubwa ilipo, iwe kwetu Mara, iwe Ukerewe, iwe Ulaya ya zamani. Kiti chenyewe hakikuambii mengi. Watazame waliokizunguka.

Tuanze na Uzanaki kabla Mjerumani hajafika. Nchi ilikuwa ya koo na ya marika. Mtu alizaliwa ndani ya rika lililotokana na rika la baba yake, akapanda daraja moja baada ya jingine kadiri umri na mali yake vilivyoruhusu. Mipaka, vita, maradhi ya mifugo, ugomvi wa ukoo na ukoo, yote haya yaliamuliwa na watu wengi walioketi pamoja, wazee wa daraja la juu wakiwa na neno la mwisho. Mvua ilikuwa na wenyewe. Mwenye mvua aliheshimiwa, aliletewa mbuzi na nafaka, na alipopita watu walimpisha. Hata hivyo hakuwa na askari, hakuwa na karani, hakuwa na mahabusu. Mvua ilipogoma, watu walimwendea mlangoni kumuuliza kulikoni, na hakuwa na mahali pa kujificha.

Katika jamii kadhaa za bara la Mara, rika moja lilipokabidhi nchi kwa rika jingine, jambo hilo lilifanywa kwa miguu. Vijana wanaopokea nchi waliizunguka mipaka yake, wakipita mahali hadi mahali penye dawa na kumbukumbu za wahenga. Mahali pengine moto wa zamani ulizimwa nyumba kwa nyumba, ukapekechwa moto mpya, kila mji ukaenda kuchukua kaa lake huko. Hebu fikiri maana yake kisiasa. Hakuna aliyeachiwa nchi mpaka kufa. Nchi iliazimwa, na siku ya kuirudisha ilijulikana tangu mwanzo, na aliyeikabidhi alikuwa bado hai, anaketi pale pale kijijini akitazama unavyoitunza.

Wenzetu wa Ikizu wao walikuwa na utemi, na utemi wao walikuwa nao tangu zamani, kabla ya Wazungu. Wanasimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma akiwa na siri ya mvua, akamkuta Isamongo, mwindaji mwenye siri ya moto. Katika simulizi hiyo utemi unakwenda kwa mwenye mvua. Napenda sana kwamba mwanzo wa utemi wao ni makubaliano ya watu wawili, kila mmoja ana kitu ambacho mwenziwe hana, na mmojawapo ni mwanamke mgeni. Watawala wengi duniani hupenda kusimulia kwamba babu zao waliteka. Waikizu wanasimulia kwamba mtemi wao wa kwanza alihitajiwa.

Sasa tuvuke maji. Ukerewe ni jirani yetu wa upande wa magharibi, mwendo wa mashua tu, na Wajita na Wakerewe wameoana na kuuziana vitu tangu enzi. Kule ndiko kulikokuwa na ufalme hasa. Ukoo wa Abasilanga, ambao asili yao inasimuliwa kuwa Ihangiro katika Buhaya, ulitawala kwa karne kadhaa chini ya Omukama. Ngoma za kifalme zilikuwa zake. Mvua pia ilikuwa yake, na huo ndio ulikuwa mtego wake. Omukama aliyeshindwa kuleta mvua, au aliyeleta mvua ya kuozesha mazao, alihesabiwa kuwa ameshindwa kazi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 watawala kadhaa wa Ukerewe waliondolewa kwa sababu hiyo, na waliowaondoa walikuwa ndugu zao wenyewe wa ukoo wa kifalme pamoja na wakubwa wa nchi.

Bila shaka mtu mwerevu atasema: mvua gani hiyo? Mvua ilikuwa kisingizio, nyuma yake kulikuwa na kaka aliyetaka kiti. Inawezekana kabisa. Wana wa kifalme walikuwa wengi, kila mmoja ana upande wa mama yake, ana wajomba, ana wapambe wanaosubiri siku yao. Lakini hata kisingizio kina kazi yake. Kaka hangeweza kuinuka siku yoyote aliyojisikia. Alilazimika kusubiri nchi inung'unike kwanza. Njaa ya mkulima wa kawaida, mtu asiye na ukoo mkubwa, ndiyo iliyofungua mlango wa ikulu. Kwa hiyo Omukama, hata kama hakumpenda mkulima yule, alilazimika kumwogopa.

Nimesema Ulaya, na nina nchi moja ninayoifikiria, Bosnia, kule kwenye milima ya kusini mashariki. Katika zama za kati Bosnia ilikuwa na wafalme, na mkubwa kuliko wote alikuwa Tvrtko wa Kwanza, aliyetawazwa mwaka 1377. Alipofariki mwaka 1391, nguvu ilianza kuteleza kwenda kwa wakubwa wa majimbo, na hapo historia yake inakuwa na mafunzo kwetu. Bosnia ilikuwa na baraza la wakubwa lililoitwa stanak. Hilo ndilo lililokubali mfalme mpya, na mfalme alichaguliwa kutoka ukoo wa Kotromanić, lakini yupi katika ukoo huo, baraza liliamua. Ardhi ya mkubwa ilikuwa yake na ya ukoo wake. Mfalme hakuweza kumnyang'anya kwa hasira tu, mpaka ithibitike mbele ya wakubwa wenzake kwamba amefanya usaliti.

Familia tatu zilikuwa juu ya nyingine: Hrvatinić upande wa magharibi, Kosača upande wa kusini, Pavlović upande wa mashariki. Mwaka 1404 mfalme Ostoja aligombana na wakubwa, akiwemo Hrvoje Vukčić wa Hrvatinić na Sandalj Hranić wa Kosača, wakamfukuza, akakimbilia Hungaria. Wakamweka Tvrtko wa Pili. Haikupita miaka mingi, Ostoja akarudi kitini. Baada yake mwanawe, kisha Tvrtko wa Pili kwa mara nyingine. Ukisoma haraka unaweza kusema: hawa walikuwa na demokrasia yao, mfalme akikosea anatoka. Mimi nilipokuwa kijana ningesema hivyo. Sasa nasema tusimame kidogo tutazame ni nani waliokuwa wakimtoa, na kwa ajili ya nani.

Mwaka 1415, karibu na Sutjeska, mkubwa mmoja anayeitwa Pavle Radinović aliuawa akiwa safarini pamoja na mfalme na Sandalj, watu waliotoka kuketi naye katika mkutano mmoja. Wanawe wakatafuta kisasi, na mkono waliousaka ulikuwa wa Waturuki wa Osmani, ambao tayari walikuwa jirani na wenye njaa ya nchi. Na si hao tu. Mmoja alimwita mfalme wa Hungaria, mwingine akamwita sultani, na kila mgeni aliyeitwa alikuja na majeshi yake na bei yake. Mkulima wa Bosnia hakuwa na sauti katika lolote. Yeye alilipa kodi kwa aliyeshinda. Mwaka 1463 sultani Mehmed wa Pili aliingia mwenyewe, ngome kubwa zikaanguka moja baada ya nyingine kwa muda mfupi sana, na mfalme wa mwisho, Stjepan Tomašević, akakatwa kichwa Jajce. Wakubwa waliokuwa hodari wa kumtoa mfalme walikuwa hawajui kumlinda.

Sikuwapeleka huko ili kuwatisha kwa majina magumu. Nimewapeleka ili mwone tofauti. Bosnia mlango wa kumtoa mtawala ulikuwepo, lakini ufunguo wake ulikuwa mifukoni mwa nyumba tatu nne. Ukerewe ufunguo ulishikwa na Abasilanga, ila usingegeuka bila manung'uniko ya nchi. Uzanaki haukuhitajika ufunguo, kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyefungiwa ndani na nchi nzima. Katika hizo tatu, mimi najua ningependa kuzaliwa wapi.

Sasa tuje kwenye mageuzi makubwa, na tarehe ninayotaka muishike ni mwaka 1895. Wakati huo Omukama wa Ukerewe alikuwa Rukonge, mwana wa Machunda. Huyu ndiye aliyempokea msafiri Stanley mwaka 1875 na kumpa mitumbwi ya kuvushia watu wake kwenda Uganda. Ndiye pia ambaye watu wake, mwezi Desemba 1877, waliwaua wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi wake na mfanyabiashara Songoro aliyekimbilia kwao. Alikuwa mtawala mwenye akili na mwenye ukali, aliyejaribu kuwatumia wageni bila kutumiwa nao. Mwaka 1895, baada ya misheni ya Kikatoliki kushambuliwa, Wajerumani walikuja na bunduki wakamtoa, akawekwa Mukaka.

Angalieni vizuri kilichotokea siku hiyo. Mtemi kuondolewa halikuwa jambo geni Ukerewe. Jambo geni lilikuwa mikono iliyomwondoa. Kuanzia hapo, Omukama alipoamka asubuhi hakuwa na haja tena ya kutazama mawingu na kusikiliza wakulima wanasema nini. Alitazama upande wa Mwanza, aliko afisa wa Kijerumani. Mvua ingeweza kukosekana miaka mitatu, na mtemi asitikisike, ilimradi kodi imefika.

Na hicho ndicho kilicholetwa Uzanaki. Serikali ya Kijerumani haikuweza kufanya kazi na marika. Afisa alitaka jina moja la kuandika katika daftari, mtu mmoja wa kumwita, wa kumlipa, wa kumchapa kodi isipotimia. Mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimeshaanza, Burito Nyerere alifanywa kuwa mtemi wa Butiama. Waingereza walipoingia, waliikuta nchi ya Wazanaki, watu wachache tu kwa idadi, imegawanywa katika sehemu nane za utemi. Chini ya Gavana Donald Cameron, mwaka 1926, ikatungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, na watemi wakapewa mahakama, mshahara, na amri zenye mhuri.

Sitaki mtu anielewe vibaya kuhusu Mzee Burito. Watu waliomfahamu wamemweleza kuwa mtu wa hekima, na aliishi na wake 22 na watoto wengi katika mji ambao ulihitaji hekima kila siku ya Mungu. Rafiki yake Ihunyo, mtemi wa Busegwe, alikuwa mtu wa mvua, na inasimuliwa kwamba alimpenda kijana Julius kwa jinsi alivyocheza soro, ule mchezo wetu wa bao. Kijana aliyecheza vile mbele ya wazee bila kubabaika hakufaa kuachwa kuchunga mbuzi. Mwaka 1934 akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Basi hata ndani ya utemi ule wa kutengenezwa kulikuwa na ujirani wa zamani, na maneno ya kusikilizana kati ya mzee na mzee. Burito alipofariki mwaka 1942, mwanawe Edward Wanzagi akashika nafasi yake. Lakini Burito akiwa mtu mwema au mbaya, hakuna baraza la Kizanaki lililobaki na nguvu ya kumtoa. Nguvu hiyo ilikuwa kwa Bwana Shauri, yule afisa wa serikali ya Kiingereza, Musoma. Wema wa mtemi ukawa bahati ya wananchi.

Ndiyo maana, mwanangu wa kidato cha tatu, wazee wako na kitabu chako cha historia hawagombani. Utemi wa Butiama ulikuwepo kweli, na uliletwa.

Tuendelee kidogo, maana siasa ya wakubwa haikuishia hapo. Katika miaka ya 1950 Gavana Twining alitaka kuwatumia machifu kama ukuta dhidi ya TANU. Mwaka 1957 akawakutanisha Mzumbe, machifu wa nchi nzima, awape umuhimu wa kitaifa. Hesabu yake ilikuwa ile ile ya sultani: tafuta wakubwa wenye kinyongo na wenye kitu cha kupoteza, wape mgongo wa kuegemea. Haikufaulu. Ilipofika mwaka 1959 wengi wao walikuwa wameshaona upepo unakoelekea, na wengine walikuwa marafiki wa Nyerere tangu shule ya Tabora. Pengine pia walijua moyoni kwamba mgongo ule wa Twining ulikuwa unajiandaa kupanda meli.

Wachagga walikuwa na njia yao, nayo naistahi. Mwaka 1951 walipiga kura kumpata Mangi Mkuu, wakampata Thomas Marealle. Mwaka 1960 wakapiga kura tena, safari hii wakakataa cheo hicho kiendelee, wakataka rais wa kuchaguliwa wa baraza lao. Kura ya kumweka na kura ya kumtoa, ndani ya miaka kumi, bila damu. Wakubwa wa Bosnia wangeshangaa.

Kisha mwaka 1963 Bunge likafuta sheria ya machifu, na utemi ukaisha kuwa chombo cha serikali. Aliyekuwa anaongoza nchi alikuwa mtoto wa Burito, ndugu wa Wanzagi. Chifu Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika. Michael Lukumbuzya, Omukama wa mwisho wa Ukerewe, baadaye akawa balozi wa nchi hii. Watu hawakutupwa, viti ndivyo vilivyoondolewa. Mimi nasema ilikuwa sawa, na nasema hivyo nikiwaheshimu wajukuu wa watemi wanaonisikiliza. Mtemi asiyetolewa na watu wake alikuwa ameshakuwa mtumishi wa ofisi, na taifa jipya halikuhitaji watumishi wa kurithi.

Ninachosikitikia ni kingine. Tulipofuta cheo tulidhani tumemaliza kazi. Kilichovunjwa na Mjerumani mwaka 1895 na mwaka 1915 kilikuwa mikono ya watu wa kawaida iliyomshika mkubwa kwa karibu. Hiyo hatukuirudisha. Tulimtoa mtemi, tukabaki na tabia ya kutazama juu.

Septemba 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu kwa jina la Chifu Hangaya, na tangu hapo mavazi na vigoda vya zamani vimeonekana tena hadharani. Mila ikitunzwa mimi nafurahi. Lakini kila nikiona chifu ameketi mbele, macho yangu yanatafuta waliosimama nyuma yake. Wako wapi wazee wake, wale wenye haki ya kumwambia hapana? Chifu bila wao ni vazi tu, tena vazi zuri.

Na sasa hapa kwetu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa mamlaka ya juu ya kijiji. Ni watu wote wazima wa kijiji, kuanzia miaka 18, mvuvi, mama wa dagaa, mkulima wa mihogo, wote. Unatakiwa kukutana kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yanasomwa. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kilicho karibu kabisa na lile baraza la marika. Maji ya Mugango siku hizi yanasukumwa na mitambo kupanda hadi Kiabakari na Butiama, na kazi ya mwenye mvua imebaki katika simulizi. Lakini bado kuna mashine ya kuharibika, bili ya kubishaniwa, bomba lililofika mlangoni kwa fulani likaruka kwa jirani yake. Maswali hayo yana mahali pake pa kuulizwa, na ni pale chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, siku ya mkutano, mwenyekiti akiwa mbele yako.

Tatizo ni kwamba siku hiyo wengi hatuendi. Tumewahi kukaa katika mikutano ya watu 40 katika kijiji cha maelfu, taarifa ikasomwa haraka haraka, mkono ukanyooshwa mmoja, mkutano ukafungwa. Halafu jioni, kwenye kahawa, malalamiko yanatiririka kama mto Mara. Omukama wa Ukerewe aliogopa manung'uniko kwa sababu aliyasikia yakimjia mlangoni. Ya kahawani hayamfikii mtu.

Nina ombi kwa wazee wa Butiama, Busegwe na Bumangi. Wapo kati yenu waliokuwa watoto wakati wa baraza la Wanzagi, walioketi nje wakisikia kesi za ng'ombe na mahari zinavyokatwa. Mwambieni mjukuu mwenye simu arekodi mlichokiona: nani alizungumza kwanza, nani alinyamazishwa, mtemi alibishiwa na nani, na aliyembishia alirudi nyumbani salama au la. Leteni rekodi hizo hapa studio, tuzisikilize pamoja. Na kijana wangu wa Mugango, mkutano wa kijiji chako ukitangazwa, huna kura bado, lakini hakuna aliyekukataza kuja na daftari.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutakwenda Ikizu, kwa Nyakinywa na watemi wanawake waliomfuata. Usiku mwema.